Kikombe Kisichoonjwa

Kalembe, Jumapili asubuhi

Kaka yangu mpendwa Valens,

Amani ya Bwana ikukute huko mgodini Bisie, na ikukute mzima. Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha? Unakula? Najua utasema unakula, lakini Déo wa moto, kila akirudi na pikipiki yake kutoka huko, anasema umekonda mpaka suruali inakuhama, na Déo hasemi uongo isipokuwa anapoeleza kwa nini amechelewa.

Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Maharagwe ya bondeni yameoza kwa mvua, ya mlimani yamesimama vizuri. Mbuzi wako mwekundu amezaa mapacha. Binti yako Umwali ameng'oka jino la mbele na siku hizi anacheka amefunika mdomo kama bibi harusi. Papa anakusalimu. Ndiyo, Papa mwenyewe, kwa mdomo wake, na akili zake zote zikiwa nyumbani. Nitafika huko.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu réseau ya simu imekufa huku, na pia kwa sababu habari hii siwezi kumpa Déo aibebe kichwani. Ujumbe wa mdomo umeshatuumiza vya kutosha. Vitu ulivyotuma vilifika vyote: sabuni, chumvi, kitenge cha Shangazi, na ule mfuko mwingine wa mbegu. Juu ya mbegu nitarudi. Sasa tafuta mahali ukae, kaka. Mimi habari hii ilinikuta nimesimama, na ukuta wa hospitali ndio ulionishika nisianguke.

Mwanzo unaujua. Mkono wa kulia wa Papa ulianza kutetemeka mwaka ule tuliomzika Mama, tukasema ni huzuni. Kisha miguu ikawa mizito, akawa anatembea kama mtu anayevuka tope, na uso wake ukaacha kucheka hata pale moyo ulipocheka. Kule hospitali ya Kirotshe, Dokta Jean-de-Dieu akauita ugonjwa huo Parkinson, akampa kidonge cha kwanza, levodopa, na Papa akarudi kushika jembe. Ulikuwepo ile Sabato aliposhika tena kikombe cha meza ya Bwana bila kumwaga hata tone. Shangazi Nyiraneza alipiga vigelegele kanisani mpaka mchungaji akamtazama.

Usichokijua ni katikati yake, maana watu waliokuletea habari walikuletea nusu, tena nusu iliyooza. Uliporudi Bisie, kile kidonge kilianza kuisha nguvu kabla ya saa ya kidonge kingine. Asubuhi Papa ni Papa, mchana ni gogo. Tukarudi Kirotshe, mimi na yeye na Shangazi. Dokta akaongeza kidonge cha pili. Akatueleza kwa uvumilivu kwamba vidonge hivyo viwili vikikaa pamoja mara nyingi vinasaidia, lakini kila mwili una ubishi wake. Akasema tuangalie kizunguzungu Papa akisimama, usingizi wa ghafla, mwili kucheza wenyewe, na zaidi ya yote kuona vitu visivyokuwepo. Tukiona hayo tumrudishe kwake haraka, tusikatishe dawa kwa akili zetu, kwa sababu kukatisha ghafla kunaweza kumkausha mtu mpaka akafa. Kisha akauliza kama Papa anakunywa kitu kingine chochote: dawa za miti, pombe, kahawa.

Hapo Shangazi akakaa wima kama askari. Unamjua. Akamjibu: "Docteur, sisi ni Wasabato. Pombe ao kahawa haiingiake mu nyumba yetu." Dokta akaomba radhi kabisa, akaandika kwamba hakuna. Nami nilikuwa pale pembeni, nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwanzoni tulifurahi. Papa alichangamka, akapanda mlimani peke yake kuangalia viazi. Lakini haikuchukua muda bega lake likaanza kucheza, kisha shingo, kama mtu anayesikiliza ngoma ambayo sisi hatuisikii. Siku moja akatuambia tumsalimie Mama, kwa sababu amekaa pale jikoni anachambua maharagwe na sisi tunampita bila adabu. Tulitazamana. Umwali, mtoto ni mtoto, akasalimia.

Siku nyingine akasema kuna watu wenye mapanga nyuma ya migomba. Kaka, huku kwetu mtu akisema ameona watu wenye mapanga, hakuna anayemwambia anaota. Tulikimbia wote. Mimi na Umwali mgongoni, Shangazi na sufuria yenye chakula cha moto, mke wako anamvuta Papa kwa mkono, mpaka majirani nao wakafungasha, kijiji kizima upande wa juu kikalala shambani kwenye umande. Asubuhi yake hakukuwa na nyayo hata za mbwa. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilikuwa nimemwona Papa akiomba msamaha kwa migomba.

Na kisha akamnyooshea kidole mke wako. Alikuwa amemletea uji, kama kila siku, na Papa akasema mbele yetu sote kwamba huyu mwanamke anamtilia kitu. Mama Umwali alisimama na bakuli mkononi. Shangazi ndiye aliyesema. Akasema tangu zamani alikuwa anajiuliza, maana ndugu yake alikuwa anapona na sasa anaharibika, na kuharibika kwa namna hii kuna jina lake, ni karuho, sumu ile inayomla mtu polepole huku anatembea. Akamalizia na methali yake, kikulacho ki nguoni mwako. Tangu hapo methali hiyo ilizunguka nyumbani kwetu kama nzi.

Unajua desturi yetu. Mtu hampi mwenzake kikombe bila kuonja kwanza mbele ya macho yake. Mke wako alionja kila kitu tangu siku alipoletwa nyumbani, mpaka tulikuwa tunamtania kwamba anashiba kwa kuonja. Baada ya maneno ya Papa aliendelea kuonja, lakini sasa macho ya Shangazi yalikuwa yanahesabu kama koo lake limemeza kweli. Na nikuambie na hili, usije ukadhani najifanya malaika: kulikuwa na asubuhi moja aliponiletea uji kwenye cherehani, nikausukuma pembeni nikasema nimeshiba. Aliona. Alichukua bakuli akaondoka nalo.

Ile Sabato mbaya ilikuwa siku ya kufunga na kumwombea Papa. Watu walitoka kanisani wakaja nyumbani, wakajaa sebuleni, wanaimba. Papa peke yake hakufunga, kwa ajili ya dawa. Shangazi akaandaa kile kinywaji cha moto anachompa Papa kila asubuhi, akakiacha jikoni, akamwita mke wako akilete. Mama Umwali akaleta lile kopo kubwa la chuma, akaonja, akanyoosha mkono kumpa Papa. Shangazi akamzuia. Akamwambia si kwa midomo. "Imalize yote, tuone."

Nilisema Shangazi, acha. Akanijibu kwamba kama iko safi, ataogopa nini? Mke wako alinitazama mimi, akamtazama Papa ambaye alikuwa anaongea na ukuta, kisha akainua kopo akalimaliza lote, na tumbo lake halikuwa na kitu tangu jana yake. Akafuta mdomo, akakaa chini na kuimba pamoja na wengine. Wimbo wa pili haukuisha. Alitoka mbio, akatapika kwenye migomba, akatapika tena na tena mpaka akapiga magoti. Nilimshika kichwa. Ndani nilisikia wimbo umekatika, na sauti ya mtu ikisema kwamba sumu inamjua mwenyewe.

Walisema ameitia kati ya jiko na mlango. Wapi hasa, saa ngapi, kwa mkono upi wakati mkono mmoja umeshika kopo na mwingine umeshika Umwali, hakuna aliyeuliza. Tumbo lake lilikuwa limeshatoa ushahidi. Kesho yake Shangazi alimtuma Déo kwako.

Déo aliporudi hakutaka kukaa. Alisimama uani na casque yake ya pikipiki kichwani akasema ulivyosema: arudi kwao Kashuga, mutoto abaki. Mama Umwali akamuuliza kama kuna jambo lolote uliloliuliza. Déo akatazama viatu vyake. Ndipo akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kitenge kimoja, akampigia Papa magoti kumuaga. Papa akamwita kwa jina la Mama, akamwambia asichelewe sokoni. Umwali alimfuata mpaka kwenye daraja la miti, na mimi ndiye niliyemrudisha, ananipiga mateke.

Sasa sikiliza vizuri, kaka. Baada ya mke wako kuondoka, Papa alizidi. Shangazi alishika jiko lote, hakuna mkono mwingine uliogusa chakula cha Papa wala dawa yake. Alimpa vidonge kwa saa zake bila kukosea, na kwa mapenzi yake akaongeza na kile kinywaji, kutoka kopo moja la asubuhi mpaka matatu kwa siku, ili ndugu yake apate nguvu. Papa akaacha kulala. Mwili wake ulicheza mpaka kitanda kikalia. Alisimama siku moja akaanguka, akapasuka juu ya jicho. Nilimuuliza Shangazi, sasa nani anamtilia? Akanijibu kwamba sumu inabaki kwenye mifupa, na kwamba cherehani imenifundisha kiburi.

Majirani wakaleta shauri la kutupa vidonge vyote viwili chooni, kwamba labda ndivyo vinavyoita mapepo. Hapo hasira zangu unazozijua zilipanda zote kwa pamoja. Nilivificha ndani ya kopo la nyuzi, nikamfunga Papa kwa kitenge kati yangu na dereva wa moto, Shangazi akapanda moto ya pili na vyombo vyake vya kupikia, tukashuka Kitshanga mpaka Sake, barrière ya askari baada ya barrière. Kila barrière Papa alimsalimia mtu ambaye hayupo, na askari walitupitisha upesi.

Kirotshe walitulaza. Dokta Jean-de-Dieu alisikitika, akasema hivi ndivyo alivyotuonya, kwamba mwili wa Papa umekataa kidonge cha pili. Akaanza kukipunguza kidogo kidogo. Tukangoja. Papa hakutulia. Dokta akakiondoa kabisa. Papa bado alikuwa anazungumza na Mama, na miguu yake inapiga shuka. Nikamwona dokta anakuna kichwa, na daktari akikuna kichwa mbele yako, moyo unashuka mpaka magotini.

Akaniita pembeni, akaniambia bila kuzungusha. Limebaki kupunguza kidonge cha kwanza. Akikipunguza, huenda akili ya Papa ikarudi, lakini mwili utakauka, na huenda asiinuke tena kitandani. Akaniuliza tunamtaka Papa yupi, yule anayetujua asiyeweza kujigeuza, au huyu anayetembea lakini hayupo. Nilikwenda ziwani pale chini nikalia mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakaacha kufua.

Niliporudi ilikuwa asubuhi ya ziara ya madaktari. Shangazi, kama garde-malade yeyote anayeuguza mtu wake, alikuwa amejitengenezea ufalme wake nje ya wodi: mbabula ya makaa, sufuria, thermos, na mbegu zake ameanika kwenye kitenge juu ya majani. Dokta alikuwa amechoka, amekaa kwenye kitanda kisicho na mgonjwa. Shangazi akamhurumia. Akamimina kikombe, akaingia nacho ndani, akaonja kwanza kama desturi, akampa kwa mikono miwili. Dokta akanusa, akatabasamu, akasema, kumbe Wasabato nao wana kahawa yao.

Shangazi akacheka. "Ingekuwa kahawa singekupatia, docteur. Hii iko ya mbegu tu. Mutoto wetu njo anatutumiaka."

Dokta akauliza mbegu gani. Shangazi akamwonyesha pale kwenye majani. Dokta akatoka, akainama, akaokota moja, akaigeuza kwenye vidole, nyeusi yenye kung'aa. Akauliza kama ni mukuna, ile mimea ya kutambaa ambayo ma-agronome, wale wa kilimo, waligawa ili ifunike udongo. Shangazi akasema ndiyo hiyo. Akauliza kama wanaikaanga. Shangazi akasema hapana, wanaianika tu na kuitwanga, ndivyo walivyoagizwa, isipoteze nguvu. Akauliza Papa anakunywa kiasi gani, tangu lini.

Valens, yule mtu alikiweka kikombe chini kama mtu anayeweka yai. Akatuambia kwamba ndani ya mbegu ile kuna dawa ileile iliyo ndani ya kidonge cha kwanza. Ileile, levodopa, Mungu ameiweka humo kabla ya viwanda. Kwenye kidonge imepimwa, tena imefungwa pamoja na mwenzake anayeizuia isiishie tumboni, ili ifike kichwani. Papa tayari alikuwa na mwenzake huyo mwilini. Kila kopo la Shangazi lilipitia mlango uliokuwa umeshafunguliwa. Yeye dokta alikuwa anapima dawa mbili, na sisi tulikuwa tunamwaga ya tatu bila kipimo, asubuhi, mchana na jioni, tena mbele ya dirisha lake.

Nilimuuliza, na sauti yangu sikuitambua, itakuwaje kama mtu mzima asiye na ugonjwa, asiyemeza kidonge chochote, akinywa kopo zima la kitu hicho na hajala. Akanijibu bila hata kufikiri, kama mtu anayejibu swali la shule. Atatapika, akasema. Atatapika sana.

Masikio yangu yaliziba. Niliona midomo ya dokta inaendelea, sikusikia kitu. Nilimwona mke wako amepiga magoti kwenye migomba. Tulimpa jaribio ambalo hakuna mtu angeweza kulishinda, si yeye, si mimi, si mchungaji, kisha tukamhukumu kwa kushindwa. Ndipo ukuta ukanishika.

Shangazi alikuwa amekaa chini kwenye majani katikati ya mbegu zake. Alimuuliza dokta swali moja tu: kama ni yeye mulozi aliyekuwa anamtilia ndugu yake sumu. Dokta akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Mama, hii si sumu. Ni dawa yenye haikupimwa." Shangazi akaanza kuokota mbegu moja moja. Tangu siku ile hajasema methali yoyote. Nyumba imekuwa kimya mpaka wakati mwingine natamani anigombeze.

Tuliacha kumpa kinywaji kile. Papa alilala usingizi wa kwanza wa kweli, akaamka, akauliza kwa nini kitanda si chake. Kidogo kidogo miguu ikatulia, Mama akaacha kuja. Dokta alipoona akili imesimama, akarudisha kidonge cha pili, kwa kiasi kidogo, akitutazama kama mama mkwe. Na vimekaa, kaka. Viwili hivyo vinakaa pamoja bila ugomvi. Ana kizunguzungu akisimama haraka, basi anasimama polepole na kulalamika haraka. Mkono unatetemeka kidogo jioni. Kumbe mwili wake haukuwa umekataa kitu.

Siku ya kwanza yenye akili kamili aliuliza mkwe wake yuko wapi. Ikabidi nimwambie. Nilimwambia yote, na kwamba kidole cha kwanza kilikuwa chake. Hakumbuki. Alilia akiwa amegeukia ukuta, na tulipofika Kalembe hakukubali kulala. Alivaa koti la kanisa, tukaenda Kashuga, mimi na yeye na Shangazi amejifunika kitenge mpaka machoni.

Papa Habumugisha, baba mkwe wako, alitupokea kama watu wanavyopokea wageni wasiowapenda, kwa adabu nyingi. Watu wa kwao walikusanyika. Papa akaeleza mwenyewe, na pale ulimi ulipokuwa mzito nilimsaidia. Akasema amekuja kwa miguu yake ili waone kwamba si mtoto wao aliyeiharibu. Mama mmoja mzee akasema "Yezu" kwa sauti ndogo.

Mama Umwali akatoka na kikombe cha maziwa, kwa sababu mgeni ni mgeni. Amekonda. Akapiga magoti, akakipeleka kikombe mdomoni aonje, kama alivyofanya kila siku ya ndoa yake. Papa akanyoosha mkono akamzuia. Akakichukua kikombe kabla hakijagusa mdomo wake, akasema, "Wewe hutaonja tena mbele yangu mpaka nife." Akanywa. Mkono ulikuwa unatetemeka, nusu ikamwagika kwenye koti, lakini alikinywa mpaka mwisho na kukigeuza watu waone. Shangazi akaomba na yeye apewe, akanywa vilevile, analia ndani ya kikombe.

Sasa juu ya mbegu, kaka, maana hadi hapa huenda bado unajiuliza ni mtoto gani huyo wa Shangazi anayemtumia mbegu. Shangazi ana mtoto mmoja tu wa kiume wa kumwita wake, na ni wewe. Ni wewe uliyemwambia Déo kwamba vijana wa Bisie wanakunywa kahawa hii isiyo kahawa na wanapata nguvu, kwamba hata Msabato anaruhusiwa, kwamba isikaangwe isije ikapoteza ukali. Mfuko wa kwanza ulifika wiki ileile tuliyorudi na kidonge cha pili. Kile kilichokuwa kinamla Papa kilitoka mkononi mwako, kwa mapenzi, na mdomo wako ukatoa hukumu ya mke wako bila kuuliza swali hata moja.

Sikulaumu kwa mbegu. Hakuna anayekulaumu kwa mbegu, hata Papa, ambaye anasema ulitaka apate kitu cha moto asubuhi. Nakulaumu kwa ujumbe. Mbegu hukuzijua. Mke wako ulimjua.

Papa alimwomba arudi nasi. Alikataa, bila hasira. Alimkubali Umwali, nilimpeleka juzi, yuko kwake sasa, na hiyo ni amri ya Papa, usije ukamgombeza mtu. Kwako ametuma neno moja, nami naliandika kama alivyolisema, sikuongeza chumvi. "Valens akuje hapa kwetu, mbele ya bantu. Nitamumiminia. Miye sitaonja. Kama anaweza kunywa, anywe."

Basi ndugu yangu, wasalimie wenzako wa huko, hasa wale wanaokula nawe sahani moja. Papa anasema ombea miguu yake, naye anaombea kifua chako. Shangazi hajatuma salamu, ametuma soksi alizofuma, na nadhani utaelewa. Mfuko mpya wa mbegu nimeumwaga kwenye shimo la taka nikafukia. Mungu akulinde njiani, maana najua ukishamaliza kusoma utakuwa tayari njiani.

Ni mimi dada yako anayekupenda hata akiwa amekasirika,

Libérata